Betri Mbili za Mashua ya Mkwe, Kutoka Kwanza Hadi Mabanga

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa kwetu mjini Kwanza ananiuliza swali lile lile: imekuwaje safari ya kwenda Mabanga, ambayo lori la mahindi huimaliza asubuhi moja, ikanichukua siku tatu? Nimesimulia kwa kinyozi, nimesimulia nje ya kanisa, na kila aliyesikia amekwenda kuongeza chumvi yake. Sasa nimeandika yote. Someni, pitishianeni, mniache nipumzike.

Kwa asiyenijua vizuri, miaka mingi nilitunza betri za kituo cha simu. Kilikuwa chumba kizima cha betri, seli kwa seli, na mimi na daftari langu na kipimo changu cha kioo. Zilipokuja simu za mkononi tukapunguzwa kazi, tukapewa mkono wa kwaheri na soda. Lakini katika miaka yote ile hakuna betri iliyofia mikononi mwangu. Kwa hiyo ninapowacheka watu kwa habari ya betri, huwa ninawacheka nikiwa na sababu.

Kwanza hadi Kitale

Mkwe wangu Wanyonyi, aliyemwoa binti yetu Naliaka, alinunua mashua. Si ya kuvulia samaki. Ni ya kutembeza watu kwa starehe katika bwawa moja karibu na Mabanga. Aliikuta kwenye shamba la zamani la wazungu lililokuwa likiuzwa vipande vipande, imefunikwa turubai, kuku wametaga ndani. Akaipaka rangi ya samawati, akatangaza. Watu wa Bungoma, ambao maji wanayoyajua ni ya kuteka na ya kuvuka, wakaja kupanga foleni wamevaa suti.

Mashua ile inavuja. Kila mashua kuukuu huvuja, hilo silo kosa. Ndiyo maana kuna pampu ndogo ya umeme chini yake, inayotoa maji kadiri yanavyoingia. Kosa la Wanyonyi ni kwamba alikuwa na betri moja ya gari kwa kila kitu: kuwasha injini, kuendesha pampu, taa, na redio kubwa ya kaseti ambayo bila hiyo, ati, hakuna starehe. Jumapili moja redio ikaila betri yote. Wakiwa katikati ya bwawa injini ikakataa kuwaka, pampu ikanyamaza, na Naliaka, ambaye hajui kuogelea, akaanza kuchota maji kwa sufuria huku abiria wakiimba nyimbo za mazishi. Wachungaji wa ng'ombe ndio waliowavuta kwa kamba.

Naliaka hukaa nyuma ya mashua kila inapotoka, kwa sababu ndiye anayepokea wageni. Nilipopata habari hiyo sikulala vizuri. Wanyonyi aliponipigia simu nilimwuliza huwa anaongeza maji gani kwenye betri. Akasema ya mvua, na yakikosekana, ya kisima. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hastahili kuambiwa, nikakata simu. Kisha nikampigia tena, nikamwambia nitaleta betri mbili mimi mwenyewe, za pampu na taa peke yake, nizifunge kwa mikono yangu. Jumamosi akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kutembezwa, na mashua isitoke kabla sijafika.

Wanyonyi angeweza kuja kutuchukua kwa pikapu yake. Lakini mke wangu Selina alisema naye anakwenda kumwona binti yake, na hapo mila ikatukalia njiani. Kwetu Wabukusu mama mkwe hapandi gari moja na mume wa binti yake, hampi mkono, hali naye, na wakikutana njiani mmoja wao hutafuta kichaka. Watu wameokoka, wana simu mfukoni, lakini bado wanakimbiana. Nilisema hivyo kwa sauti. Selina akaendelea kukunja nguo zake.

Basi tukaenda na jirani yetu Barasa, ambaye pikapu yake mnaijua. Siku ya Alhamisi tulifika Kitale baada ya kusimama mara nne, mara mbili kwa ajili ya tairi na mara mbili kwa ajili ya watu ambao Barasa alisoma nao.

Kitale

Duka la betri lilikuwa na kijana mmoja mwenye miwani ya jua, akiwa ndani ya nyumba. "Sasa, mzee," akaniambia, akanisukumia betri ya gari yenye picha ya simba. Akasema hiyo ndiyo iko na makali, hata trekta inaiogopa.

Nilimweleza, ingawa sikuwa nimeombwa. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa mara moja, injini iwake, kisha injini yenyewe iirudishie chaji. Ukiitumia polepole mpaka iishe, ukarudia tena na tena, sahani zake nyembamba za ndani huharibika na betri imekufa. Kwa pampu na taa unataka ile wanayoiita betri ya sola, yenye sahani nene, inayotoa kidogo kidogo kutwa nzima. Hata hiyo usiimalize. Tumia nusu, rudisha. Kijana alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia kwamba hiyo ya simba ina warranti.

Mlangoni alikuwa amekaa mama mmoja wa mtaa wa Kipsongo anayenunua betri zilizokufa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyo ndani. Alikuwa akitucheka. Kijana alipoleta hatimaye betri za sola za aina mbili zenye ukubwa mmoja, mama yule aliinuka bila kuitwa, akanyanyua moja, akanyanyua nyingine, akagonga ya pili kwa kidole. "Hii ndio iko na nyama," akasema. "Hiyo ingine ni boksi." Nami nilikuwa nimekwisha kufikia uamuzi huo huo, au karibu. Nilichukua mbili za aina aliyoinyanyua ya pili na sikumshukuru, kwa sababu sikutaka kijana adhani nimefundishwa.

Betri mpya huja kavu. Hujazwa asidi, huachwa zinywe, kisha huchajiwa taratibu. Tukazipeleka kwa mtu wa kuchaji nyuma ya soko, mahali ambapo watu wa mashambani huleta betri za televisheni kwa baiskeli na mikokoteni. Fundi wa pale alikuwa akiongeza asidi kwenye kila betri iliyopungua. Akasema ndiyo inarudisha makali. Kinachopungua ndani ya betri ni maji. Asidi hubaki pale pale. Ukiongeza asidi juu ya asidi unachoma sahani. Mtu yule ameua betri za nusu ya Trans-Nzoia na bado wanamwita daktari. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wake mpaka jioni, kipimo mkononi, nikihakikisha hasogei kwenye betri zangu.

Nilinunua pia lita tano za maji safi ya betri, nikayatia katika mtungi mweupe wa plastiki niliousuuza kwa maji hayo hayo mara tatu. Tulilala kwa mpwa wa Selina. Usiku kucha, kila nilipozinduka, nilikuwa namwona Naliaka na ile sufuria.

Kitale hadi Kamukuywa

Ijumaa tuliondoka mapema, yaani saa nne. Betri nilizisimamisha juu ya tairi kuukuu, nikazifunga kwa kamba ya katani, maana betri ya asidi hailazwi. Barasa alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akaweka gunia la viazi juu yake. Nikalitoa. Akasema viazi ni vya dada yake. Nikamwambia dada yake aje tuongee.

Tulipofika Kiminini akasimama kunywa chai. Chai ya Barasa ni chai na mandazi matatu na habari za ukoo mzima. Tuliporudi, pikapu haikuwaka. Alifungua boneti na mle ndani nikaona betri iliyovimba mbavu, vichwa vyake vya kufungia waya vimeota ukungu wa kijani, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilimwuliza mara ya mwisho aliisafisha lini. Akaniuliza kwani betri husafishwa.

Watu wa soko wakakusanyika, na kila mmoja ni mtaalamu. Mmoja akasema betri ikiwekwa juu ya simiti, simiti hunyonya moto wake. Mwingine akasema imwagiwe soda. Barasa hakuwasikiliza, alikuwa akitazama nyuma ya gari.

"Mzee," akasema, "betri mbili mpya zinarara tu hapo, na sisi tunasumbuka. Si unipe moja dakika moja tu?"

Nilimwambia betri hizo hazikuchaguliwa kupiga stata ya pikapu, na kwamba mimi niliyemwambia kijana wa Kitale hivyo jana siwezi kufanya kinyume leo. Nikaongeza methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Barasa akasema basi tusukume. Wakasukuma wapakiaji wa mahindi, akasukuma Barasa mwenyewe, akasukuma na Selina kwa viatu vyake vya kanisani. Mimi nilikuwa nimeshika kamba nyuma ili betri zisiyumbe. Nimesikia Barasa anawaambia nilikuwa nimekaa. Sikukaa, nilichuchumaa.

Iliwaka, ikazima, ikasukumwa tena. Tukaingia Kamukuywa saa kumi na moja jioni. Dada mdogo wa Selina, Rosa, ameolewa hapo, na kumpita Rosa bila kuingia ni kosa la kusimuliwa miaka kumi.

Kwa shemeji Rosa

Nisiseme uongo, kwa chakula sina dharau. Rosa alichinja jogoo, nikapewa firigisi kama inavyonistahili, na ugali wa wimbi, na mboga za kienyeji zilizolainishwa kwa mushelekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo akina mama huyachuja mpaka yanatoka kama chai hafifu. Mushelekha ya Rosa inajulikana mpaka Kimilili. Naliaka, tangu akiwa mdogo, hali mboga kwa furaha kama hazikupikwa kwa hiyo.

Kabla sijanawa mikono, majirani wakawa mlangoni na televisheni kwenye toroli. Habari ya betri hutangulia mwenye betri. Niliwakalisha chini nikawaeleza, labda kwa saa nzima, kwa nini betri mpya haifai kuchezewa, na habari ya sahani, na habari ya nusu. Walitulia kama wako ibadani. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniuliza kwa heshima, "Kwa hivyo tuunganishe wapi?"

Waliunganisha. Walitazama taarifa ya habari na mieleka kidogo, mimi nikiwa nimesimama karibu, kipimo mkononi, na hakuna aliyenikaribisha kiti katika chumba kilichojaa umeme wangu.

Asubuhi Rosa alitusindikiza na ndizi, mayai, na kuku hai. Yule ni mtu wa kale. Kwake chombo cha mgeni hakitoki nyumbani mwake bila kitu cha maana ndani, na hata mfuko wangu wa vifaa niliukuta umetiwa karanga. Alikuwa akiongea na Selina jikoni muda mrefu. Mimi nilikuwa nje, namweleza Barasa jinsi ya kusugua vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, kazi ambayo mwishowe niliifanya mwenyewe.

Kamukuywa hadi Mabanga

Pikapu iliwaka mara moja, na Barasa akasema ni kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Nilianza kumweleza tena. Tulikuwa tumekaa watatu mbele. Selina akasema, "Baba Naliaka, ule mtungi wako, Rosa ame..."

Nikamwambia angoje nimalize. Nilikuwa nimefika mahali pagumu, pale asidi inapogeuka maji na maji yanapogeuka asidi. Selina akangoja. Nilimaliza karibu na Webuye, na yeye akawa amelala, au amefumba macho.

Webuye tulikunywa chai kwenye hoteli ambayo mwenyewe alikiona kipimo mfukoni mwangu akaamua mimi ni mtu wa stima. Alinipeleka nyuma kwa adabu kubwa kunionyesha waya zilizokatwa, akaning'ang'ania nimuunganishie. Nilipomwambia mimi ni wa betri tu, alisikitika, kisha akanitoza chai ya pili. Kufika bwawani ilikuwa saa nane mchana.

Bwawani

Akina mama wa kanisa walikuwa wamefika tangu saa sita, na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wamekula chakula chao, wameimba, wamechoka kuimba. Wanyonyi alinipokea kwa mikono miwili. Selina alishuka mbali, chini ya mikaratusi, akafungua mwavuli na kutugeuzia ubavu, na Wanyonyi naye akawa mwangalifu asitazame upande ule. Naliaka alikwenda kumkumbatia mama yake, akarudi, akapanda mashua, akakaa nyuma mahali pake.

Nilifanya kazi safi, hilo hakuna anayelipinga. Nilizitia betri mbili katika sanduku la mbao lenye matundu, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Nikazitenga na ile ya injini, ili redio ikiila ile ya injini, pampu ibaki na zake. Nikapaka vichwa grisi. Kwa kuwa watu walikuwa wamesimama ukingoni wananitazama, nikawaeleza. Nikawaambia mkwe wangu hapa alikuwa akitia maji ya kisima kwenye betri, na kisima kina chumvi na chuma, na ndiyo maana alimpandisha mtoto wangu kwenye jeneza la samawati. Wanyonyi aliinamisha kichwa. Akina mama wakacheka, nami nikafurahi.

Usawa wa maji katika betri ya kwanza ulikuwa umeshuka kidogo kwa chaji na kutikiswa. Nikainua mtungi wangu mweupe, nikaweka faneli, nikamimina seli ya kwanza nikiwa nimewaelekea watu.

Ilichemka. Povu lilipanda mpaka mdomoni likafanya sauti. Mama mmoja akauliza kama hiyo ni kawaida.

"Betri nzuri hupumua," nikasema.

Nikamimina ya pili. Ikachemka. Ndugu zangu, hapa ningeweza kuandika kwamba sikujua. Katika miaka yangu yote sijaona betri ikipumua hivyo. Nilisikia na harufu ya majivu. Lakini nilikuwa nimesema mbele ya watu, na mkono ukaendelea mpaka seli ya sita. Nilichovya kipimo, kibofu chake kikazama chini kabisa, maana yake asidi imekwisha nguvu. Nilikifuta, nikakirudisha mfukoni, nikamwambia Wanyonyi akina mama wanaweza kupanda. Naliaka alikuwa pale pale nyuma, miguu yake juu ya mbao ambazo maji huingilia.

Ndipo nikaona watu wanageuka. Selina alikuwa anashuka kutoka kwenye mikaratusi. Aliuacha mwavuli. Alikuja moja kwa moja ukingoni, mahali ambapo mkwe wake alikuwa amesimama, hatua nne tu kati yao, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya harusi. Akina mama wakafunika midomo. Wanyonyi akageuka haraka akatazama bwawa, akashusha kofia machoni.

"Hayo si maji," Selina akaniambia. "Ni mushelekha ya Naliaka. Rosa aliona mtungi una maji tu, akayamwaga. Nilikuambia tangu asubuhi."

Hakuniambia. Nilimkataza kuniambia, na yeye mwenyewe alilijua hilo, lakini mbele ya watu alinipunguzia: afadhali mume aliyesahau kuliko aliyemnyamazisha mkewe. Aibu niliyoipata siwezi kuilinganisha na kitu. Haikuwa ya betri. Ilikuwa ya kile kipimo nilichokirudisha mfukoni, na mtoto wangu amekaa pale.

Nilimwambia Naliaka ashuke. Kisha nikawaambia watu wote, kwa sauti ile ile niliyotumia kuwafundisha, kwamba majivu huua asidi, kwamba betri hii imekufa, nimeiua mimi, na kwamba nilipoiona inakufa nilinyamaza. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Wanyonyi hakugeuka. Akasema taratibu, mgongo wake ukiwa kwetu, "Baba, naomba umwulize mama kama hiyo betri ya pili iko sawa."

Nikamwuliza. Selina akaitazama ile betri, akanitazama mimi, lakini aliyekuwa akimjibu hakuwa mimi.

"Iko sawa," akasema. "Hiyo bado hajaigusa."